Sufuri Tatu za Walukuba

Daftari langu linanuka mafuta ya taa.
Misimu ishirini na mmoja ya Reli ya Walukuba,
timu iliyolipa mishahara mwezi ukipenda,
na kurasa tatu tu nilizozikunja pembe,
ambapo safu ya mapigo, upande wa wageni,
ina yai moja la penseli:
sufuri.

Ya kwanza ni ya Isabirye wa mkono wa kushoto,
fundi breki, kucha nyeusi kwa grisi.
Mvua ilinyesha hadi zamu ya tano,
mpira ukawa mzito kama muhogo uliolowekwa.
Vijana wa Mbale walipiga hewa, wakapiga hewa,
wakapanda basi wakiyalaani matope.
Hakuna aliyejua jina la jambo lile.
Tulikula mukene, tukalala.
Ni mimi, wiki ya pili, nikijumlisha mistari,
niliyepaona pale palipo patupu,
nikatoka na kibatari kutafuta wa kumwambia.

Ya pili sikuiona. Nilikuwa wodini najifungua.
Aliandika Tenywa, muuza tiketi,
mwandiko wa kuku,
na pembeni, sijui kwa nini, akachora jua.
Mrushaji: Odongkara.
Namwamini Tenywa. Nitafanyaje?

Ya tatu ndiyo inayoniamsha.

Jumamosi, miwa inachomwa upande wa Kakira,
masizi yanatua uwanjani, marefu, mepesi,
kwenye chai, kwenye ukurasa.
Adriko juu ya kituta, kijana wa Arua,
shati la marehemu kaka yake, namba imefifia.
Zamu ya sita watu wakaanza kunong'ona.
Usiku nyoka haitwi nyoka, huitwa kamba;
basi nasi mchana kweupe tukaiita kamba.
"Kamba bado ipo?"
"Ipo. Usiikanyage."
Benchini walimwachia nafasi ya watu watatu kila upande
kana kwamba ana surua.

Zamu ya tisa, wawili wameshatoka.
Mpigaji wa Gulu, shingo nene, akaukwaruza mpira chini.
Ukamwendea Wabwire, ukidunda mara mbili kwa adabu,
na mara ya tatu ukakuta kichuguu
tulichoahidiwa tangu Januari kwamba kitasawazishwa.
Ukamruka begani kama panzi.
Mkimbiaji alifika besi ya kwanza akijipigia makofi.

Macho yote kibandani kwangu.
Pigo, au kosa?

Mpira uliopotoshwa na ardhi ni pigo.
Naijua sheria hiyo kama ninavyolijua jina la mama yangu.
Penseli ikabaki hewani, na sizi likatua juu yake.
Wabwire hakukitazama kichuguu.
Alivua glavu, akanitafuta kwa macho,
akajigonga kifua kwa kidole kimoja:
niandike mimi.

Msimu mzima hakuwa amekosa hata mpira mmoja.
Palikuwa na bahasha kwa mlinzi asiye na doa;
alikwisha kuihesabia mabati,
hadi misumari.

Nikaandika: kosa, Wabwire.
Mkono wangu, mwandiko wangu mzuri.
Aliyefuata akapiga hewa mara tatu,
Adriko akabebwa juu juu, kofia yake ikaibwa,
na mimi nikachora yai polepole
kama mtu anayetia sahihi deni.

Wageni wakija kuulizia historia ya timu
nawafungulia kurasa zenye pembe.
Husoma majina ya warushaji kwa sauti.
Hawateremki hadi mstari wa chini.

Nyumba ya Wabwire, Masese, ina bati nusu;
nusu nyingine ni turubai iliyokazwa kwa mawe.
Mvua ikianza usiku, naamka,
nasikiliza juu ya paa langu zima.
Raba ninayo. Iko kwenye droo,
pembe zake zote nne bado kali.

Jana alipita na baiskeli, ndoo mbili za sangara,
akaegemea dirisha langu bila kushuka.
"Dada Draru, kamba bado ipo?"
"Ipo," nikamwambia.
Akacheka, akakanyaga pedali.
"Usiikanyage."